Mgeni Hajanawa

Nchi ninayotoka sitaitaja. Siogopi kitu, ila kila nikiitaja mtu hudakia, "Aa, mbona hata kwetu iko hivyo hivyo," na tukaanza kubishana mpaka uko wapi. Tuiite nchi yetu, inatosha. Ina milima, ina redio moja, ina Wizara ya Mapokezi, na watu wake ni wakarimu kupita kiasi. Ukarimu huo Katiba inausifu katika kifungu cha kwanza na kuuamrisha katika vyote vilivyobaki.

Msomaji ambaye hajafika kwetu lazima kwanza aelezwe habari ya kunawa. Kwetu mgeni hunawa mara mbili: mara ya kwanza anapoanza kula, mara ya pili anapomaliza. Katikati hapo mwenyeji hagusi chakula. Anakaa pembeni na watoto wake, anatabasamu, anasema, "Kula, kula, mbona huli?" huku tumbo linanguruma. Mgeni akishanawa ile ya pili ndipo wenyeji husogea wakala kilichobaki. Ni desturi nzuri sana. Nimelelewa nayo, na siwezi kuisema vibaya, hasa kwa kuwa mshahara wangu ulitoka humo.

Nilikuwa mtangazaji wa Wizara ya Mapokezi, daraja la pili. Daraja la kwanza walipewa gari; mimi nilipewa kipaza sauti, lile pembe kubwa la bati, na ruhusa ya kutembea. Nilioa kwa Bi Kidawa, mjane mwenye shamba la kunde mlimani, nikamchukua binti yake Mwatima, na Mungu akatujalia pacha. Tangu siku hiyo mama mkwe hakuniita jina langu tena, ni Baba Pacha tu. Tuliishi kwake, tukila kunde zake. Mwatima alikuwa ananyonyesha wawili, na mlimani kwetu kila mwanamke atakwambia kwamba maziwa ya mama huletwa na mchuzi wa kunde na majani yake. Kunde zikiwapo, pacha wanalala. Zisipokuwapo, hakuna anayelala.

Na kunde zilikuwapo kwa sababu ya kibibi. Ni yule mdudu wa duara, ukubwa wa punje ya kunde, mgongo mwekundu wenye madoa meusi. Chakula chake ni vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaong'ang'ania shina na kulifyonza mpaka majani yanajikunja. Ndiyo maana kila shamba letu lina ukingo usiolimwa, vichaka na magugu matupu, mahali pa vibibi kutagia mayai. Bibi harusi wa mlimani akienda kwa mumewe hubeba vibibi wa ukingo wa mama yake ndani ya kibuyu, na akifika huwaachia shambani kabla hajaingia ndani. Bila kibuyu hicho wakwe humwuliza, kwa upole, alikuja kufanya nini.

*

Msimu mmoja vidukari waliongezeka kidogo. Si sana. Lakini Mheshimiwa Waziri wetu, Daktari Magongo Lusheke, alikuwa amesafiri kwenye mkutano nchi za mbali, na huko alionyeshwa kibibi wa kigeni. Akarudi naye.

Nilikuwapo uwanja wa ndege. Ndege ilipofunguka mlango, ulishushwa mto wa mahameri, juu ya mto kisanduku, ndani ya kisanduku Wageni Waheshimiwa. Zulia jekundu lilikuwa limekatwa upana wa utepe ili liwatoshe. Bendi ilipiga wimbo wa taifa kwa filimbi peke yake, isije ikawatisha. Walikuwa wakubwa kuliko vibibi wetu, wanene, na kila mmoja alivaa lake: huyu mwekundu, huyu wa rangi ya machungwa, huyu mweusi tii mwenye madoa mekundu.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alinguruma. "Tazameni! Mdudu asiye na ubaguzi hata wa rangi ya mgongo wake mwenyewe! Kibibi wenu anakula kidukari mmoja, anapumzika. Huyu hapumziki! Huyu ni mlaji wa kimataifa!"

Tulipiga makofi mpaka mikono ikawaka moto. Na msinione msaliti, lakini nitasema: mwanzoni alifanya kazi. Wageni waliachiwa mashambani, na kabla mwezi haujaandama mashina ya kunde yalikuwa safi. Bi Kidawa mwenyewe alisimama shambani akasema, "Kumbe wanajua kula hawa." Niliipeleka kauli hiyo Wizarani, ikasomwa redioni kama shukrani ya akina mama wa mlimani.

*

Kisha mtu fulani mwenye akili, na Wizara yetu ilijaa watu wa namna hiyo, aliuliza swali. Mgeni yuko mezani. Vibibi wetu nao wako mezani, wanakula vidukari wale wale. Tangu lini mwenyeji akala kabla mgeni hajanawa?

Baraza zima lilishikwa na aibu. Sheria ya Mkeka Mmoja ilipita siku ile ile, bila mbunge hata mmoja kukohoa. Iliagiza kwamba kila ukingo wenye vibibi wenyeji ufunikwe kwa chandarua, wakae humo kwa heshima wakisubiri, mpaka Mgeni atakaponawa mara ya pili. Vyandarua vingetolewa na wananchi, kwa hiari ya lazima.

Nilianza na nyumbani kwangu ili nionyeshe mfano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Pacha. Mbona na hilo pembe lako asubuhi yote hii?"

"Mama, serikali inaomba chandarua."

"Chandarua kipi? Cha pacha?"

"Ndicho tulicho nacho."

"Na mbu je?"

"Mbu hawakutajwa kwenye sheria, mama."

Aliingia ndani, akakitoa mwenyewe akikikung'uta. Tukafunika ukingo. Vibibi wetu walipanda wakashuka kwenye vile vitundu, wakajaribu huku na huku. "Sasa humo watakula nini?" akauliza. Nikamsomea kifungu kinachosema kwamba mwenyeji hushiba kwa kumwona mgeni akila. Akaniuliza kama aliyekiandika alikuwa ameshakula siku hiyo.

Tangu hapo kila alfajiri nilimwona akitoka na kanga mabegani, akikata vijiti vilivyobaki na vidukari na kuvipenyeza chini ya chandarua. Kosa hilo lina jina, kumlisha mwenyeji mbele ya mgeni, na adhabu yake si ndogo. Nilijifanya nimelala. Pacha walikuwa wanapiga kelele za afya njema, Mwatima alikuwa anaimba akifua, na mimi nilitaka iendelee hivyo, basi.

*

Chandarua kinamzuia mbu. Hakimzuii mtoto wa Mgeni Mheshimiwa, ambaye akianguliwa ni mwembamba kama uzi na ana njaa ya babu yake. Vidukari walipopungua nje, watoto hao waliingia ndani na kuwakuta vibibi wetu wamedhoofika na mayai yao yamepangwa vizuri juu ya majani. Wakala mayai. Kisha wakala watoto. Shamba la jirani, ukingo mzima ulibaki magamba.

Kuna mahali, lakini, vibibi wetu walikosa adabu. Njaa ilipowazidi walikuta mayai ya Mgeni kwenye jani, wakayala. Wakafa wote. Wataalamu walieleza kwamba Mgeni ana ugonjwa katika damu yake, yeye haumdhuru, ila huwaua wanaomla. Mheshimiwa alisikitika sana redioni. Alisikitikia mayai. Marehemu walifikishwa mahakamani wakiwa ndani ya bahasha, wakasomewa shtaka la kula watoto wa mgeni. Hakimu aliwauliza kama wana la kusema, akasubiri kwa muda wa kutosha kisheria, kisha akawatia hatiani.

Mlimani kote minong'ono ilikuwa moja: Mgeni atanawa lini? Maana akinawa, vyandarua vitaondolewa, na wale wachache waliobaki watatoka wakale. Hata mimi nilikuwa nanong'ona, kwa daraja langu la pili.

*

Habari njema ililetwa na karani wa Wizara aliyekuwa akimchungulia Mgeni kwa kioo cha kukuzia. Alikimbia barazani akihema. "Ananawa! Nimemwona kwa macho yangu! Anasugua mikono!"

Ilikuwa kweli. Kila aliyechungulia alimwona Mgeni amesimama juu ya jani, anasugua miguu ya mbele, huu kwa huu, polepole, kama mtu aliyemwagiwa maji. Kengele zilipigwa. Lakini profesa mmoja, mwenye tabia ya kuharibu sherehe, aliuliza, "Hiyo ni kunawa ya kwanza au ya pili?"

Iliundwa Tume ya Kunawa. Nusu ya wajumbe walisema ni ya pili, kwa kuwa Mgeni ameshakula sana. Nusu walisema, kama ni ya pili, taulo liko wapi? Tume ikasafiri ng'ambo kuchunguza mataulo, ikarudi na mataulo. Miezi ikapita. Chini ya vyandarua vibibi wetu waliendelea kupungua, shamba baada ya shamba, mpaka mlima wote ukabaki na ukingo mmoja tu wenye vibibi hai: ule wa Bi Kidawa, aliyewalisha alfajiri na kuwaokota watoto wa Mgeni kwa ncha ya mwiba.

Mwishowe Mheshimiwa alichoka, akaamua mwenyewe. Ni ya pili! Mgeni ameshiba! Ifanyike Karamu ya Taifa, vyandarua viondolewe, mwenyeji na mgeni wakutane mbele ya wananchi. Na kwa kuwa karamu haifai bila mwenyeji, pakachaguliwa pale palipobaki wenyeji. Barua ya pongezi ilimfikia Bi Kidawa kwa mkono wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo mkwe hamfanyii mkwewe: alinishika mkono.

"Baba Pacha, wewe ndiye mdomo wao. Waambie kwa Bi Kidawa hakuna kitu. Sema wamekufa."

"Mama, siwezi kutangaza kitu ambacho sikuandikiwa."

"Basi nyamaza. Siku hiyo moja tu, nyamaza."

"Mtangazaji akinyamaza, mama, watajua kuna kitu anachosema."

"Hawa wakiisha, mkwe wangu, msimu ujao nani atazilinda kunde? Na kunde zikiisha, hao watoto watanyonya nini? Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Niliona macho yake, na moyo uliniuma vibaya sana. Kesho yake nilizunguka mlima mzima na pembe langu nikiwaalika watu waje kwetu.

*

Mahema yalipigwa juu ya matuta. Bendi ilikanyaga safu mbili za kunde ili ipate nafasi. Wageni Waheshimiwa waliletwa kwenye sinia la fedha, wamejazana wanapandiana, na Mheshimiwa akakata kamba ya chandarua cha pacha wangu kwa mkasi wa dhahabu.

Vibibi wetu walitoka. Walikuwa wachache, wembamba, wakapepesuka kwenye jua. Wakaanza kupanda mashina kutafuta vidukari. Sinia likamiminwa.

Sitaeleza sana. Wageni hawakutazama hata kidukari mmoja. Walimshika kibibi kwa upande wa tumbo, palipo laini, na kabla bendi haijamaliza ubeti wa kwanza wengi walikuwa wameshaliwa. Bi Kidawa alipiga magoti katikati ya matuta, akawa anaokota vibibi wake mmoja mmoja kwa vidole na kuwatia kwenye pindo la kanga. Askari wakamwinua kwa kosa la kumpokonya Mgeni tonge mdomoni. Walipomwachia alilifungua pindo. Ndani alikuwamo Mgeni mmoja, mnono, ametulia. Aliingiaje hatujui. Vibibi wake hawakuwamo.

Nikasikia yule profesa akisema taratibu, nyuma yangu, "Kumbe ilikuwa ya kwanza."

Mheshimiwa alipanda jukwaani. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Wapo watakaosema vibibi wetu wamepotea. Waongo! Hawajapotea. Wamo! Wamo ndani ya Mgeni! Leo mgeni na mwenyeji wamekuwa kitu kimoja, na tofauti zao zote zimemeng'enywa!"

Nikayarudia maneno hayo kwa kipaza sauti, mara mbili, moja kwa wa mbele na moja kwa wa nyuma. Bi Kidawa alikuwa wa nyuma.

*

Majira ya baridi yakaingia. Vibibi wetu walikuwa wakifanya kazi baridi yote, taratibu, lakini walikuwapo. Mgeni Mheshimiwa hafanyi kazi wakati wa baridi. Huondoka shambani na kutafuta nyumba. Walihamia mjini kwa makundi, wakajazana kwenye mapazia, kwenye makabati, kwenye masikio ya sanamu ya Uhuru. Waliingia hata ndani ya pembe langu la bati wakalala humo, ikawa kila nikitangaza sauti inatoka imezibwa. Ukiwagusa hutoa maji ya njano yanayonuka na hayafuliki. Suti nyeupe ya Mheshimiwa ilipopata madoa, njano ikatangazwa kuwa rangi ya uzalendo.

Na mlimani vidukari walirudi. Walizaa bila mtu wa kuwagusa. Mashina yakawa meusi, majani yakajikunja, maua yakaanguka kabla ya kufunga. Bi Kidawa na Mwatima walishinda shambani wakiwasugua kwa majivu, jani kwa jani, na kila wakifika mwisho wa tuta mwanzo wake ulikuwa mweusi tena. Kunde zikanyauka. Maziwa ya Mwatima yakapungua, kisha siku moja akaniambia, bila kulia, "Hayatoki, Baba Pacha." Pacha walilia mpaka sauti zikakauka. Ile sauti ya kukauka sijui niieleze vipi. Ni afadhali wangelia.

Nilikwenda kwa Mheshimiwa. Nilimkuta mezani, Wageni wamelala kwenye ukingo wa sahani yake, naye anakula akiwazunguka kwa adabu.

"Mheshimiwa, mlimani hakuna kunde. Watoto wangu hawana maziwa."

"Nani kasema hakuna? Mgeni yupo?"

"Yupo, Mheshimiwa."

"Amenawa?"

"Amelala, Mheshimiwa."

"Basi karamu inaendelea," akasema kwa upole kabisa. "Nchi yenye mgeni mezani haiwezi kuwa na njaa. Ila ninyi wenyeji mna haraka. Nenda ukawatangazie wasubiri."

Nilitoka nikaenda kutangaza. Nilifika njia panda, nikainua pembe, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe hakikutoka kitu. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kama mtoto. Kisha nikarudi nyumbani, nikambeba pacha mmoja, Mwatima akambeba mwingine, Bi Kidawa akachukua kibuyu kitupu, tukashika njia ya mpakani. Pembe nililibeba pia. Lilikuwa mali ya serikali, na mimi si mwizi.

*

Nchi ya jirani nayo sitaitaja. Ina milima, na watu wake ni wakarimu. Nyumba ya kwanza tuliyobisha hodi, mama mwenye nyumba hakuuliza tunatoka wapi. Aliwatazama pacha tu, akawa ameshaweka sufuria motoni. Nyuma ya nyumba yake niliona shamba la kunde, kijani kibichi, na kwenye ukingo vichaka visivyolimwa, na juu ya vichaka vidoa vyekundu vinavyotembea. Bi Kidawa aliviona. Alisimama pale kibuyu mkononi mpaka akaitwa mara ya pili.

Tulitandikiwa mkeka. Likaletwa birika na beseni, tukanawa. Likaletwa sinia la wali na mchuzi wa kunde. Mkwe hali sinia moja na mama mkwe, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamesimama mlangoni wamejipanga, wanatutazama mikono, na mama yao anatabasamu.

"Kuleni, kuleni, mbona hamli?"

Bi Kidawa alikula tonge moja. Akawatazama wale watoto. Kisha akalivuta beseni, akajimiminia maji, akanawa mara ya pili, polepole, kila kidole, ili wote waone. Mwenye nyumba akashtuka. "Mama, mbona mapema?"

"Nimeshiba, mwanangu. Wape watoto." Akanigeukia. "Baba Pacha. Maji haya."

Mwatima anakula, na ana haki ya kula. Akishiba, labda pacha watapata maziwa kidogo. Mimi nilisema nitanawa baada ya tonge hili. Nyumba ina joto zuri, moto uko karibu. Ndani ya pembe langu, pale nilipoliegemeza ukutani, kitu kimeanza kukwaruza, na sasa anatoka mmoja wa rangi ya machungwa, na mweusi nyuma yake, na wengine nyuma yao. Wamesimama ukingoni mwa bati wanasugua miguu ya mbele, huu kwa huu. Dirisha liko wazi, na upande ule ndiko shamba liliko. Bi Kidawa ameshaanza kupiga kelele, anaita watu walete chandarua. Watoto bado wako mlangoni. Mama yao bado anatabasamu, ananiambia kula, mbona huli, nami sijanawa.